Nati Nilizokaza Gari Likiwa Hewani

Karatu, Jumamosi alasiri

Paskalina mwanangu,

Hali sikuulizi, maana nakusikia. Uko jikoni na mama yako, mnakaanga maandazi ya safari na kunisengenya, na kicheko chako kinafika mpaka huku gereji. Mimi nami ni mzima, ila mkono wangu haujazoea kalamu. Ukikuta doa la grisi kwenye karatasi, hesabu kwamba nimetia sahihi.

Mambo ya sweta, sabuni, kwenda kanisani na wavulana wa mjini nimemwachia mama yako. Ameyaanza tangu Jumatatu na bado hajafika katikati. Mimi nina jambo moja tu, na sikuweza kulisema kwa mdomo kwa sababu mdomo wangu unajulikana: ukianza kusema kweli, katikati ya njia unaongeza chumvi. Karatasi inanibana kidogo. Naomba uisome barua hii leo kabla hujalala, usingoje basi la kesho. Ukifika mwisho utajua kwa nini.

Wewe unanijua. Kutoka Mto wa Mbu mpaka Digodigo hakuna fundi wa kunifikia, na kama yupo basi bado hajaja kuniamkia. Lile Landrova la watalii lililokatika springi chini kabisa ya kreta, nililifunga kwa mti na ngozi mbichi ya ng'ombe, likapanda mpaka ukingoni na abiria wote ndani, na yule mama wa Kizungu akanipiga picha. Hiyo ni kweli tupu, muulize yeyote. Lakini ile habari ya jino si kweli.

Jino langu la mbele halikung'olewa na nyati. Nimekusimulia tangu unanyonya, mpaka ukaenda kuwasimulia wenzako shuleni, nikafurahi. Nyati niliowahi kuwaona walikuwa mbali, na nilikimbia. Jino liling'okea kwenye dashibodi ya kigari kimoja chekundu, siku ileile goti la baba yako mkubwa Boay lilipovunjika. Tulikuwa wote wawili ndani. Hilo hukulijua, kwa sababu mimi nilihakikisha hulijui. Unachojua wewe ni kile wanachojua watu wote: kwamba kaka yangu alikuwa dereva mzuri wa shamba la kahawa Oldeani, kwamba Jumapili moja alikimbiza gari la bosi ili awahi saa nane kabla ya marufuku ya magari, akaliangusha korongoni, akafukuzwa kazi, akanyang'anywa leseni, akaenda kufuga mbuzi Kansay. Ndiyo maana wanamwita Saa Nane. Hata wewe ulipokuwa mdogo ulimwita hivyo mbele yake, akacheka, na mimi nikacheka.

Sasa nikueleze lile gari. Huko chuoni unakokwenda kesho watakufundisha kwa michoro na kwa kupimwa. Leo unafundishwa bure.

Kilikuwa kigari cha mbio cha milango miwili, cha Mgiriki mmoja meneja wa shamba, mtu wa kofia pana, nasi tukamwita Bwana Kofia. Kilikuwa kimelala chini kiasi kwamba kuku akipita uvunguni anainama. Barabara za Oldeani unazijua, zile si barabara, ni mawe yaliyopangwa na adui. Lakini Bwana Kofia alikipenda kigari chake kuliko kahawa, na mwaka ule nyuma kukaanza kugonga: tok, tok, kila shimo. Bushi zilikuwa zimekwisha. Akaagiza mpya kwao, zikaja kwa ndege zikiwa kwenye kiboksi kama pipi, na akatafuta fundi.

Mimi nilikuwa kijana, masharubu ndiyo kwanza yanajaribu. Shule niliiacha darasa la sita, siku mwalimu aliponiambia nimlimie shamba nami nikamwambia alime mwenyewe. Kazi nilikuwa nimejifunza kwa kumshikia fundi taa. Kaka Boay akanisemea kwa Bwana Kofia. Alisema, huyu mdogo wangu mikono yake ina macho. Neno hilo alilisema yeye, kwa heshima yake, mahali pake pa kazi.

Sikiliza nyuma ya kigari kile ilivyokuwa. Landrova letu hili ni rahisi: springi zake ni vyuma bapa vilivyolaliana, na hivyo vinavyobeba mzigo ndivyo vinavyoishika ekseli, kile chuma kirefu cha magurudumu ya nyuma, isitoroke. Kazi mbili, mshahara mmoja. Kigari kile kilikuwa na springi za kujiviringa, na springi ya namna hiyo inajua kubeba tu. Haijui mbele wala nyuma. Ukiiachia ekseli peke yake, itatoka chini ya gari kama ndama aliyekata kamba. Kwa hiyo waliotengeneza wakaishika kwa mikono ya chuma. Mikono miwili ya chini, mmoja kila upande, ndiyo inayoizuia ekseli isiende mbele wala kurudi nyuma. Miwili ya juu, mifupi, inaizuia isijipindue unapokanyaga mafuta au breki. Halafu kuna fimbo moja ndefu inayokingama, ncha moja imeshika bodi, nyingine imeshika ekseli, na kazi yake ni kuizuia isikimbilie kushoto wala kulia. Ukishafunga vyote hivyo, ekseli inabaki na ruhusa moja tu, kupanda na kushuka. Nilipokiona kwa mara ya kwanza nilikipiga jeki, nikalala uvunguni nusu saa nzima bila kugusa kitu. Kizuri, Paskalina. Kila chuma kinajua kazi yake na hakimwingilii mwenzake.

Kila ncha ya mkono ina bushi. Bushi ni bomba dogo la chuma ndani, bomba kubwa nje, na mpira katikati ulioganda pande zote mbili. Wengi hudhani inazunguka kama bawaba ya mlango. Mimi pia nilidhani. Haizunguki. Ukishakaza bolti, lile bomba la ndani linabanwa na halisogei tena, na mkono unapopanda na kushuka, mpira ndio unaojisokota kidogo ukarudi. Geuza shingo yako kushoto kidogo, irudishe. Hakuna shida. Sasa mtu akufunge shingo ikiwa imeshageuzwa, ushinde nayo hivyo, ulale nayo hivyo, halafu kila shimo la barabara likuongezee. Kuna siku itakatika.

Sasa, gereji ya shamba haikuwa na shimo la kuingia chini ya gari, na kigari kile kikiwa kimetua fundi hapenyi. Nikakiinua juu ya magogo, magurudumu ya nyuma yakaning'inia hewani kama miguu ya mtoto kwenye kiti, mikono yote ikalegea ikashuka chini. Nikatoa bushi kuukuu, nikapiga mpya, nikarudisha mikono, na hapohapo, hewani, nikakaza nati zote. Nilizikaza kwa nguvu zangu zote. Nilizikaza nikiimba.

Bwana Kofia alikuwa amenipa kitabu cha kigari chake. Aliniuliza kwa Kiswahili chake kama najua kusoma Kiingereza. Kiingereza changu chote kilikuwa maneno kumi, na manne kati ya hayo yalikuwa matusi. Nikamwambia bila shaka. Nikakaa nacho kwenye ngazi, nikakunja uso, nikalowesha kidole na kufunua kurasa, na alipokuwa akipita natikisa kichwa kana kwamba nimekubaliana na mwandishi. Michoro niliisoma sawasawa, hapo sina mpinzani. Mwisho wa kazi ile kulikuwa na mchoro wa kigari kimesimama chini kwa magurudumu yake manne, hakuna mkono wa mtu, hakuna spana. Nikadhani hilo ni pambo, gari limemaliza kutengenezwa, linajionyesha. Nikafunga kitabu.

Nilipokishusha kigari, kilikaa juu kidogo nyuma, kama vidole viwili. Ile mipira ilikuwa imeshasokoteka na inakisukuma juu, ndiyo alama yake, na mimi sikuijua. Kaka Boay alikuja, akakizunguka, akainama.

"Daudi, mbona kimeinuka nyuma?"

"Nimekiinua makusudi, kaka. Kwa ajili ya mawe yenu."

Akanipiga bega. Jioni ile akaninunulia bia.

Kilitembea miezi miwili bila kugonga, na jina langu likapanda mpaka Karatu. Halafu Bwana Kofia akaondoka shambani moja kwa moja, akaagiza aletewe kigari Arusha siku ya Jumapili. Ulikuwa ule wakati wa shida ya mafuta, Jumapili ikifika saa nane mchana magari ya watu yanapumzika, askari wako njiani. Tuliondoka Oldeani asubuhi mapema. Kaka alitazama saa yake akasema muda tunao wa kunywa chai Mto wa Mbu, kisha tukojoe, kisha tunywe tena. Ndivyo alivyosema. Aliendesha taratibu, kiwiko dirishani. Mimi ndiye niliyekuwa namwambia kanyaga, tuonekane, na yeye akaniambia gari la mtu haliendeshwi kwa mdomo wa mdogo wa dereva.

Kwenye ile kona ya mikaratusi, kabla ya daraja, mshale wa mwendo ulikuwa kwenye arobaini. Niliutazama kwa sababu nilikuwa nimechukia kwamba hauzidi. Tukaruka tuta moja dogo, nikasikia mlio chini yangu kama mtu anayeng'oa jani la mgomba. Nyuma ikahama. Kaka akageuza usukani ilivyotakiwa, wala hakukanyaga breki, na nyuma ikahama tena kwa upande wake yenyewe. Aliongea kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniomba kiberiti:

"Daudi, huku nyuma kuna mtu mwingine anaendesha."

Kisha tukaingia korongoni. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akichunga juu pale alishuka akatutoa, akalifunga goti la kaka kwa shuka yake, na hiyo shuka hakuidai.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Hadi hapo nilikuwa mjinga tu, na ujinga wa fundi kijana unasameheka. Kaka alikuwa kitandani zahanati, mimi nimekaa pembeni na pamba mdomoni, akaja askari na daftari. Kaka akamweleza yale yale, kwamba nyuma kulikuwa kama na mtu mwingine anayeendesha. Askari akacheka, akauliza kama mtu huyo ana leseni. Kisha akanigeukia mimi. Aliniuliza swali moja, alikuwa anakwenda mwendo gani.

Nilijua mwendo. Lakini nilijua pia kwamba nikisema arobaini, swali la pili litakuwa basi ni nini kilichoharibika, na la tatu ni nani aliyekitengeneza. Nikasema:

"Alikuwa anawahi saa nane."

Ona lilivyo. Ni kweli na ni uongo kwenye sentensi moja. Askari akaandika. Kaka akanitazama. Labda alidhani nimeumia kichwa. Mimi mwenyewe, ndani ya mwaka mmoja, nilikuwa nimeshaanza kukumbuka mshale ukiwa kwenye sitini.

Vipande vya kigari viligawanywa. Ekseli yake ndiyo hiyo iliyo chini ya mkokoteni wa jirani yetu, inabeba mahindi. Kitabu kilibaki kwangu. Na ule mkono mmoja wa chini niliutundika gerejini, ule tunaotundikia birika la chai. Umekua ukiuona kila siku.

Unakumbuka likizo ile ya kidato cha pili? Ulikuwa umerudi na Kiingereza kipya kinakuwasha, unasoma kila kitu, hadi maandishi ya kopo la maziwa. Ukakitoa kitabu kile kabatini, ukakaa juu ya tairi, ukaanza kunisomea na kunitafsiria huku ukijigamba, kwa maana hilo umelirithi. Ukafika kwenye mchoro ule wa kigari kimesimama. Ukasema, "Baba, hapa wanasema usikaze nati za mikono mpaka gari litue chini na uzito wake wote. La sivyo mpira unasokoteka unachanika."

Nilikwambia Wazungu wanapenda kuongeza maneno. Kisha nikasema naenda kutafuta spana kwa jirani, nikazunguka nyuma ya choo, nikasimama pale mpaka mama yako akaniita kula. Ulipolala nililishusha birika, nikautazama mkono ule. Mpira umechanika kwa kuzunguka, kama nguo iliyokamuliwa. Ulikuwa ukutani miaka yote, unanitazama, na mimi naupa chai.

Tangu siku ile najua. Na tangu siku ile nimenyamaza, sasa hilo si ujinga tena. Nilikuwa najiambia, Boay ameshazoea, ana mbuzi wake, ana watoto. Halafu ikaja barua yako ya chuo. Ufundi wa magari. Mama yako alipiga vigelegele, mimi nikakaa chini. Nikajua mwaka wa kwanza tu, darasani, mwalimu atasema neno hilohilo, nawe safari hii utakuwa mkubwa. Utakumbuka kitabu, utakumbuka birika, utakumbuka Saa Nane. Utajua ukiwa mbali, peke yako, na mimi sipo hata wa kutukanwa. Sikutaka iwe hivyo. Naogopa vitu vichache, na wewe kuniangalia kwa jicho hilo ni kimojawapo.

Kwa hiyo Alhamisi, ile siku niliyowaambia naenda kutazama injini Kansay, sikwenda kutazama injini. Nilimkuta kaka anakata majani ya mbuzi. Nilibeba ule mkono kwenye gunia. Nilimweleza yote, nikamwonyesha mpira. Akaushika, akapitisha kidole pale mpira ulipochanika, muda mrefu. Nilingoja anipige nao. Ningekubali.

Akasema, "Kwa hiyo sikuwa mbio."

Nikamwambia hakuwa mbio. Arobaini, na niliiona.

Akakaa juu ya jiwe. Akaniambia kwamba kona ile anaipita kichwani kila siku, na kila mara anapunguza mwendo. "Sasa nimefika mwendo wa punda," akasema, "na bado naanguka." Paskalina, mimi nilidhani nimemnyang'anya kazi tu. Kumbe nilimnyang'anya mikono yake. Kaka yangu hajashika usukani tangu siku ile, nami nilikuwa nikisema ni kwa sababu ya goti.

Hakusema amenisamehe, usije ukafikiri. Aliniambia nibebe maji ya mbuzi. Nilipomaliza akamwita mkewe, akaniambia rudia. Nikarudia. Jioni akanipeleka wanapokunywa pombe wazee wenzake, akaniambia rudia. Mara ya kwanza nilikuwa nimepamba kidogo, nakiri, nililaumu barabara. Mara ya tatu sikupamba kitu. Mzee mmoja akauliza, na nyati je? Wakacheka wote isipokuwa kaka.

Wakati naondoka ndipo akaniuliza wewe unasafiri lini. Nikasema Jumapili. Akaitikia kwa kichwa, akasema Jumapili ni siku nzuri, nitampeleka mimi.

Ndiyo maana yuko hapa leo. Unadhani amekuja kukuaga tu. Chungulia dirishani utamwona analizunguka Landrova letu na fimbo yake, anagonga tairi moja moja. Mchana aliniita chini ya gari, akanionyesha nati za springi, akauliza nilizikazia wapi. Nikasema chini, gari likiwa limetua. Akasema nionyeshe. Nikazilegeza zote, nikazikaza upya mbele ya macho yake, bila kuimba.

Mahubiri sikupi, padri yupo na mshahara wake analipwa. Ila kama kuna kitu changu cha kubeba, beba hiki: mimi nilijikaza nikiwa hewani. Nilijiita fundi kabla uzito haujanikalia, na kila kilichokuja baadaye kikawa kinanisokota. Ukifika huko wakakuuliza kama umeelewa na hujaelewa, sema hujaelewa. Watacheka, ndiyo. Kicheko kinakwisha kabla ya chai. Kitabu nimekiweka chini ya sanduku lako, kimefungwa kwa gazeti. Kisome chote, hata mahali ambapo hakuna spana.

Kesho, basi. Utakaa mbele na baba yako mkubwa. Mimi nitakaa nyuma, juu ya sanduku lako. Ni mwendo mfupi, kutoka hapa mpaka njia panda basi linapopita, lakini kuna kona moja pale kwenye mikaratusi yetu, si ile ya korongo ila inafanana nayo. Usishike mlango. Gia ya pili itamsumbua, usimtazame mkono. Na tukifika njia panda utawakuta wale vijana wa kushinda kwenye benchi, wanaomwita Saa Nane. Watamwona ameshika usukani, na lazima watakuuliza kwa utani alikuja mwendo gani.

Mimi niliulizwa swali hilo. Kesho nitanyamaza, niwe nimekalia sanduku. Wewe tazama mshale, mwanangu, na uwaambie ulichokiona.

Baba yako,
Daudi, asiyewahi kuguswa na nyati